Dawa za kumwokoa majeruhi wa vita: ipi imefaulu, zipi zimekwama?

Askari akipigwa risasi, kinachomuua hasa ni nini?

Mara nyingi ni kuvuja damu. Madaktari wa jeshi la Marekani walipitia vifo vya askari wao 4,596 waliojeruhiwa vitani kati ya 2001 na 2011, hasa Iraq na Afghanistan. Karibu tisa katika kila kumi walikata roho kabla ya kufikishwa hospitali ya jeshi. Wengi wa hao walikuwa wameumia vibaya mno, hakuna ambaye angewaokoa. Ila karibu robo yao huenda wangepona, na katika robo hiyo zaidi ya asilimia 90 walimalizwa na damu iliyokuwa ikiwatoka.

Mguu au mkono unaovuja unaweza kufungwa kwa mkanda wa kukaza. Tumbo na kifua huwezi kuvifunga. Hapo ndipo watafiti walipoanza kutafuta dawa.

Wamejaribu dawa gani?

Nyingine zinashangaza. DARPA, taasisi ya utafiti ya wizara ya ulinzi ya Marekani, iligharimia kazi ya kutafuta namna ya kumfanya mtu aliyepoteza damu nyingi avumilie hadi afike kwa daktari. Estrojeni, homoni ya kike, ilijaribiwa. Valproeti pia, dawa ambayo wagonjwa wa kifafa wanaijua vizuri: kwa dozi kubwa sana iliwasaidia nguruwe waliotolewa damu nyingi kuishi muda mrefu zaidi. Kwa binadamu, dozi ya aina hiyo imejaribiwa kwa uangalifu kwa watu wenye afya, lakini bado si tiba ya majeruhi.

Halafu kuna gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Mwaka 2005 Mark Roth na wenzake wa Seattle waliwavutisha panya kiasi kidogo cha gesi hiyo. Miili yao ikapoa, pumzi ikapungua, wakawa kama wanyama wa nchi za baridi wanaolala msimu mzima. Walipoondolewa gesi, wakaamka wazima. Magazeti yalifurahi kuliko ilivyostahili. Kwa wanyama wakubwa kama kondoo na nguruwe matokeo hayakuwa hayo, na gesi yenyewe ni sumu.

Na ile damu ya bandia?

Ilikuwa ndoto kubwa, na ndiyo iliyoumiza zaidi. Wazo lilikuwa kuchukua himoglobini, kile kibeba oksijeni kilichomo ndani ya chembe nyekundu, na kuiweka kwenye mfuko wa dripu. Isingehitaji kulinganisha makundi ya damu. Tatizo ni kwamba himoglobini ikiwa nje ya chembe yake hunyonya nitriki oksaidi, gesi ambayo mishipa huitumia kulegea. Mishipa ikabana, moyo ukaelemewa. Jaribio moja la Marekani lilisimamishwa mwaka 1998 baada ya waliopewa dawa kufa wengi kuliko wasiopewa.

Jingine, la damu ya bandia iitwayo PolyHeme, lilizua ugomvi kwa sababu majeruhi waliingizwa bila ridhaa yao. Mtu aliyezimia atasaini nini? Sheria ya Marekani inaruhusu hilo kwa masharti, mojawapo likiwa kuutangazia umma mapema. Asiyetaka alipaswa kuvaa bangili maalumu. Nani hutoka nyumbani na bangili akitarajia kugongwa na gari? Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha PolyHeme.

Basi hakuna iliyofaulu?

Ipo, na haikutoka kwenye maabara za kijeshi. Ni asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na mume na mke, Shosuke na Utako Okamoto, ambao waliitangaza mwaka 1962. Kwa miaka mingi imetumiwa na wanawake wenye hedhi nzito na kwenye kung'oa meno.

Damu inapoganda, donge hushikiliwa na nyuzi zilizosukana kama wavu wa dagaa. Mwili una kimeng'enya cha kuzikata nyuzi hizo, na kwa mtu aliyeumia vibaya kimeng'enya hicho huanza kazi mapema mno. Asidi ya traneksamiki humzuia mkata wavu. Haitengenezi donge jipya, hulilinda lililopo.

Mwaka 2010 jaribio la CRASH-2, lenye majeruhi 20,211 katika nchi 40, lilionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Ni watu 15 katika kila 1,000, kwa dawa ya bei nafuu. Miaka miwili baadaye kumbukumbu za hospitali ya jeshi la Uingereza huko Camp Bastion, Afghanistan, zilielekea upande huohuo.

Kuna sharti lolote?

Muda. Itolewe ndani ya saa tatu tangu kuumia (nazungumzia urefu wa muda, si saa tatu asubuhi), na mapema zaidi ni bora. Katika CRASH-2, waliopewa baada ya hapo walikufa kwa kuvuja damu zaidi ya wasiopewa.

Nimeona vidonge vyake famasi. Niviweke kwenye pikipiki, ajali zimezidi?

Hapana. Majeruhi walipewa kwenye mshipa, na aliyezimia hamezi kidonge. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunuafunua kuchungulia, na mtu mwingine atafute usafiri.

Inawahusu nini wasio askari?

Utako Okamoto alikuwa akiwafikiria wanawake wanaofariki kwa kutoka damu baada ya kujifungua. Jaribio la WOMAN, lililowashirikisha wanawake 20,060 wakiwemo wa Tanzania, Kenya na Uganda, lilichapishwa 2017, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Vifo vya kutoka damu vilipungua, hasa dawa ilipotolewa ndani ya saa tatu. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, na ya pili ikiwa damu bado inatoka baada ya nusu saa. Huongezwa juu ya oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, haichukui nafasi yake. Na tofauti na oksitosini, haihitaji friji, jambo ambalo mkunga wa zahanati isiyo na umeme wa uhakika hahitaji kuelezwa.