Kabla ya karo ya MBA, omba bajeti

Mwezi hauishi kabla mhandisi fulani wa programu, miaka kumi na ushei kazini, hajaniuliza: "Mkuu, nirudi shule nifanye MBA?" Mara nyingi ameshachukua fomu ya shahada hiyo ya uzamili ya usimamizi wa biashara, Strathmore pale Madaraka au Chuo Kikuu cha Nairobi, na ameshahesabu jioni ambazo hatawaona watoto. (Foleni ya kutoka Westlands hadi Madaraka saa kumi na moja huwa haihesabu.) Mimi humuuliza: mara ya mwisho pendekezo lako lilipokataliwa kwenye kikao, lilikataliwa kwa nini?

Langu lilikataliwa kwa sababu ya dola. Seva, yaani kompyuta za kuendeshea mfumo wetu, tulikodi kwa dola, wateja wakatulipa kwa shilingi. Januari 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 124. Januari 2024 ikafika kama 160. Bili ya dola 10,000 ikapanda kutoka shilingi milioni 1.24 hadi milioni 1.6, na hatukuongeza hata seva moja. Mkuu wa fedha akataka kujua nimejikinga vipi. Nikaanza kumweleza kasi ya mfumo. Alinitazama kama aliyeuliza bei ya sukuma wiki akajibiwa habari za mvua.

Pengo kama hilo darasa hulijaza: mizania (orodha ya mali na madeni), mtiririko wa fedha, uchakavu wa mali (jinsi thamani yake inavyopunguzwa vitabuni mwaka hadi mwaka), kwa nini kununua mashine na kuikodi huonekana tofauti vitabuni. Ila hata hapo, mhasibu wa kampuni yako ukimnunulia chai mara nne utafika mbali. Mimi nilianzia kwake.

Wengi wanaonijia, hata hivyo, shida yao si hesabu. Saa sita usiku bado wanaandika upya kazi ya vijana wao, kisha wanashangaa mbona vijana hawakui. Hilo sijaona likitibiwa na mtihani.

Anayelenga cheo cha juu katika shirika la umma, ambako tangazo la kazi mara nyingi hudai shahada ya uzamili, aende tu. Kwake hiyo ni nauli.

Wengine nawaambia waombe kusimamia bajeti kwa miezi sita, hata ndogo. Wa mwisho aliipata. Juzi alinipigia usiku, amekwama kwenye uchakavu wa kompyuta. Fomu ya chuo, aliniambia, bado iko kwenye droo.