Majitaka katika Mto Thames: dhana potofu na ukweli

Wengi wakisikia kwamba kinyesi kimeingia katika Mto Thames hudhani kuwa mabomba ya London yamechakaa na kupasuka. Ukweli ni kwamba kwa sehemu kubwa uchafuzi huo umetokana na mfumo uliokuwa ukifanya kazi kama ulivyosanifiwa. Baada ya uvundo mkali wa kiangazi cha 1858, mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mifereji mikuu ya matofali ya kuyakinga majitaka kabla hayajaufikia mto na kuyapeleka mashariki ya jiji. Mifereji hiyo hupitisha majitaka ya nyumbani pamoja na maji ya mvua, na kwa kuwa hakuna mfereji unaoweza kumudu kila mvua, kandokando ya mto kuliachwa matoleo ya dharura, yaani midomo ya kutolea maji, ili mfereji ukijaa, mchanganyiko huo umwagikie mtoni badala ya kurudi majumbani na kufurika barabarani. Kazi ile iliokoa maisha ya watu wengi, na matofali yake bado ni imara. Kilichobadilika ni jiji: mfumo ulikusudiwa watu wapatao milioni 4, nayo London leo ina takriban milioni 9, huku ardhi kubwa iliyokuwa ikifyonza mvua ikiwa imefunikwa kwa lami na saruji.

Kwa sababu hiyo si kweli kwamba matoleo hayo yalihitaji dhoruba ili yamwage. Kabla ya handaki jipya la kuhifadhi majitaka yanayofurika, mvua ya milimita chache tu iliweza kutosha, na kwa wastani tani milioni 39 hivi za majitaka ambayo hayajasafishwa ziliingia kila mwaka katika sehemu ya mto inayopanda na kushuka kwa maji ya bahari.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile inayosema kwamba mvua huuzimua uchafu, kisha mto huubeba hadi baharini. Ndani ya London Thames hujaa na kupwa, hivyo uchafu ulioshuka asubuhi huweza kurudishwa jioni, na huenda ukazungushwa hivyo kwa wiki kadhaa. Wakati huo bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni iliyomo majini, hasa kiangazi ambapo maji ya vuguvugu tayari yana oksijeni kidogo. Agosti 2004, baada ya mvua kubwa, maelfu ya samaki walikufa kwa namna hiyo.

Wengine huuliza kwa nini mabomba ya mvua hayakutenganishwa na ya majitaka. Swali ni la haki, lakini jibu lake si jepesi. Katika jiji kongwe ingebidi kuchimbua karibu kila barabara na kubadilisha maungio ya nyumba moja moja, na nyumba ikiungwa kimakosa, choo chake humwaga moja kwa moja mtoni, hata siku ya jua. Isitoshe, maji ya barabarani nayo hubeba mafuta na chembe za matairi.

Kwa hiyo lilichimbwa handaki la kilomita 25, lenye kipenyo cha zaidi ya mita 7, kutoka Acton, magharibi mwa London, hadi Abbey Mills, mashariki, ambako linaungana na handaki jingine, la Lee, linaloelekea mtambo wa kusafishia majitaka wa Beckton. Ujenzi ulianza 2016, na matoleo yote yaliyokusudiwa yaliunganishwa kufikia Februari 2025. Mahandaki hayo mawili huhifadhi takriban mita za ujazo milioni 1.6. Hayasafishi chochote: huyashikilia majitaka hadi pampu za Beckton ziyapandishe kwenye mtambo huo.

Wala handaki halikuufanya mto wote kuwa salama kwa kuogelea. Lengo lilikuwa kupunguza umwagaji ndani ya London kwa asilimia 95 hivi, si kuukomesha. Juu zaidi ya mto, ambako handaki halifiki, mitambo ya kusafisha majitaka bado humwaga mvua inapoizidi uwezo, na huko kinachohitajika ni matangi makubwa zaidi ya kuhifadhia, ukarabati wa mabomba yanayopenyeza maji ya ardhini, na udongo ulioachwa wazi ili mvua izame kabla ya kuufikia mfereji.