EAPCCO si tawi la Jumuiya

Ukizuka mjadala wa magari ya wizi yanayovushwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, hakosekani wa kusema kwamba EAPCCO, ushirika wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, ni chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sivyo. Wakuu hao waliuanzisha hapa hapa Kampala Februari 1998. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulitiwa saini Novemba 1999. Mtoto hamtangulii mamaye. Isitoshe, Sudan, Ethiopia, Eritrea na Djibouti ni wanachama wa EAPCCO, ila Jumuiya hawamo.

Sekretarieti yake ni Ofisi ya Kanda ya Interpol (shirika la kimataifa la ushirikiano wa polisi), Nairobi, na nadhani hapo ndipo ulipozaliwa uvumi mwingine: eti afande wa EAPCCO anaweza kutoka Kenya, kuvuka mpaka wa Malaba, akamkamata mtu Tororo, Uganda. Afande huyo hayupo. Hata katika operesheni za pamoja, kama ile iitwayo Usalama, gari likitiliwa shaka Kampala, nambari ya chesisi hulinganishwa na kumbukumbu za Interpol, na anayelizuia ni polisi wa Uganda, kwa sheria za Uganda. Mtuhumiwa akitakiwa Kenya, ombi la kumrudisha hupitia kwa hakimu kwanza.