Nyumba Iliyo Kwenye Trasti Haimo Kwenye Wosia Wako

Familia zetu zilizohamia Australia mara nyingi hulisikia neno trasti kwa mhasibu, siku ya kununua nyumba ya pili au kufungua biashara. Hati inatiwa saini, inaingia kabatini, miaka ishirini inapita. Matata huanza baada ya matanga, watoto wanapoifungua hati ile na kukuta haisemi walivyoamini siku zote.

Dhana: "Nyumba ya trasti nimemwachia binti yangu kwenye wosia."

Ukweli ni kwamba hakuna anayeweza kurithisha kisicho chake. Katika trasti, mdhamini anashika mali kwa jina lake, lakini kwa manufaa ya watu wengine, yaani wanufaika. Nyumba ikishaingia humo imekutoka mkononi kisheria, hata kama unalala ndani yake na bili ya maji unalipa wewe. Ukifariki haiingii kwenye mirathi. Ukiiandika kwenye wosia, binti atabaki na karatasi. Mzee Mwislamu aliyepiga hesabu zake za faraidhi kwa uangalifu anaweza kuwa ameigawa kila mali isipokuwa ile kubwa kuliko zote.

Kinachorithishwa ni usukani. Hati nyingi humtaja mtu mwenye mamlaka ya kumwondoa mdhamini na kumweka mwingine, tumwite mteuzi. Jina lake halimo kwenye hati ya kiwanja, lakini ndiye mwenye neno la mwisho. Akifa, nafasi yake inakwenda kwa nani? Jibu liko kwenye hati ya trasti. Nyingine humruhusu amtaje mrithi wa nafasi hiyo kwenye wosia, nyingine humpa msimamizi wa mirathi, na nyingine hazisemi kitu. Mdhamini akiwa kampuni yenu, hisa za kampuni hiyo zinarithiwa kama mali nyingine, kwa hiyo nazo zinahitaji mstari wake kwenye wosia.

Dhana: "Kaka mkubwa akishika trasti, atawagawia wenzake sawa."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inatokana na malezi yetu mema. Trasti nyingi za familia ni za hiari: mnufaika hana fungu lake maalumu, ana haki ya kufikiriwa tu. Mwenye usukani anaweza kumpa mmoja mwaka huu na mwingine asipate senti, bila kuvunja hati.

Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya New South Wales iliamua kesi ya baba aliyeacha mfuko mdogo wa pensheni wa familia, nao kisheria ni trasti, wenye dola milioni moja hivi. Alikuwa ameandika kwamba angependa fedha hizo wagawane nusu kwa nusu mwanawe wa kiume na wa kike. Binti ndiye aliyebaki mdhamini. Alimteua mumewe awe mdhamini mwenzake, kisha fedha zote zikalipwa kwa binti huyo. Mahakama ilikubali kwamba binti mwenyewe aliteuliwa kihalali, na matakwa ya baba hayakuwa na nguvu ya kumlazimisha mdhamini.

Kwa ujumla akiba ya pensheni nayo haifuati wosia wenyewe. Unajaza fomu ya uteuzi, ya kumtaja atakayelipwa, ambayo mfuko unalazimika kuifuata, na katika mifuko mingi uteuzi huo hukoma baada ya miaka 3 usipoufanya upya.

Dhana: "Ndoa ikivunjika au nikifilisika, mali ya trasti haiguswi."

Inaguswa. Katika kesi ya Kennon dhidi ya Spry, mume alianzisha trasti mwaka 1968, baadaye akajiondoa kwenye orodha ya wanufaika, na ndoa ilipoyumba akahamishia mali kwenye trasti za mabinti zao wanne. Mwaka 2008 Mahakama ya juu kabisa ya Australia iliamua kwamba mali hiyo inaweza kuhesabiwa katika mgawanyo wa talaka. Kwa upande wa kufilisika, mali uliyohamisha kwa nia ya kuwakwepa wanaokudai inaweza kurudishwa, na sheria haikuweka ukomo wa miaka ya kuangalia nyuma.

Dhana: "Bila trasti, serikali itakula urithi wa watoto."

Kodi ya urithi ya shirikisho ilifutwa mwaka 1979. Na ukiihamishia trasti nyumba unayoishi, unaweza kulipa ushuru wa stempu na kupoteza msamaha wa kodi ya faida ya mauzo ambao nyumba ya makazi hupewa. Mapato ya trasti yasiyogawiwa mtu kufikia 30 Juni, mwisho wa mwaka wa kodi, kwa kawaida hukatwa asilimia 47. Ukimgawia mtoto aliye chini ya miaka 18, kinachozidi dola 416 kwa mwaka hukatwa asilimia 66, na kikipita dola 1,307 kiasi chote hukatwa asilimia 45.

Ipo aina nyingine ambayo naona familia zenye watoto wadogo zinaipita bila kuitazama: trasti inayoandikwa ndani ya wosia. Inaanza kazi mwenye wosia anapofariki, kwa hiyo ukiwa hai nyumba inabaki yako na unaweza kuyabadilisha maandishi utakavyo. Mtoto anayepata mapato ya mali iliyotoka kwenye mirathi hiyo hutozwa kodi kama mtu mzima, na dola 18,200 za mwanzo kila mwaka hazikatwi kitu. Kwa mjane mwenye watoto watatu wanaosoma, hiyo ni karo.