Kukaa pamoja miaka mingi hakufungi ndoa

Wengi nchini Uganda huamini kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka kadhaa, wakazaa na kujenga, sheria huwahesabu kuwa mume na mke. Sivyo. Hakuna idadi ya miaka inayofunga ndoa, hata kama mtaa mzima umezoea kumwita mwanamke huyo "mke wa fulani".

Ndoa zinazotambuliwa ni ya kanisani, ya Kiislamu, ya Kihindu, ya serikali na ya kimila. Hii ya kimila ndiyo huwachanganya watu: haidai sherehe kubwa, bali taratibu za kabila husika, kama kwanjula (hafla ya kumtambulisha mwanamume kwa familia ya mwanamke) kwa kabila la Baganda, kisha isajiliwe.

Tofauti huonekana baadaye. Ardhi ambayo familia inaishi haiuzwi bila ridhaa ya mke wa ndoa. Asiye na ndoa hana kinga hiyo. Mwanamume akifariki bila wosia, mwanamke huyo hapati fungu la mjane. Mara nyingi hubaki kuthibitisha mahakamani alichochangia, na risiti za mabati ya zamani nani huzitunza? Watoto wao lakini hurithi, wazazi wawe wamefunga ndoa au la.