Sponji ya tairi haikulainishii safari, upepo ndio

"Fundi, nimetia sponji kwenye tairi, mbona baiskeli imezidi ugumu? Nimepigwa?"

Hujapigwa. Umejaza upepo kiasi gani? "Ule ule wa siku zote." Basi ndiyo sababu. Swali hili huniletea kila anayerudi kutoka milima ya Amani, huku kwetu Tanga, viganja vinamuuma, na nimechoka kulijibu huku nikishika spoku za mtu mwingine. Naliandika hapa ili safari ijayo nitume linki tu.

Nazungumzia ile pete nene ya povu inayokaa ndani ya tairi lisilo na tyubu, ikiizunguka rimu. CushCore, Rimpact, Huck Norris na jamaa zao. Tannus Armour hukaa na tyubu, hiyo ina mambo yake, siigusi leo.

Imani iliyoenea ni kwamba povu ni laini, kwa hiyo tairi lenye povu litakuwa laini. Sivyo. Kwenye njia ya kawaida, jiwe halilifikii povu hata kidogo. Kati ya kashata za tairi, zile zinazokanyaga ardhi, na povu kuna hewa, na hiyo hewa ndiyo inayokubeba wewe na baiskeli yako. Ukiacha psi 30 zile zile (psi ndiyo kipimo cha msukumo wa upepo), umeongeza robo kilo hivi kwenye gurudumu na hujapata kitu. Tena aina nene, kama CushCore, husukuma mbavu za tairi kwa ndani, zikawa hazitanuki kirahisi tairi linapobonyea. Kwa hiyo aliyesema baiskeli imezidi ugumu hakukosea. Kilichomponza ni pampu.

Sponji inakupa ruhusa ya kupunguza upepo, basi. Bila sponji, ukishusha sana yanakupata matatu: rimu inapiga jiwe na kubonyea, tairi linalala ubavu kwenye kona, au ukingo wa tairi unaachana na rimu kidogo na tairi linacheua hewa. Povu hukinga rimu na, likiwa nene, hushikilia ubavu na ukingo. Yale mepesi yanayocheza ndani ya tairi hukinga rimu tu. Ubavu hayausaidii, msidanganywe. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi la inchi 2.4 namjazia psi 26 nyuma bila sponji, na kwa sponji nene naanzia 22. Hizo psi nne ndizo ulaini anaoutafuta. Na zipimwe kwa geji jamani! Kidole gumba hakijui tofauti ya 22 na 26, hata kiwe cha fundi wa Ngamiani aliyezeeka kwenye kazi.

Sasa lile linalonikera zaidi. Wauzaji wanasema sponji inapunguza nafasi ya hewa, kwa hiyo tairi likibonyezwa, msukumo unapanda haraka na kukuzuia usifike kwenye rimu. Kimaandishi ni kweli. Lakini hebu tupige hesabu. Tairi la inchi 29 kwa 2.4 lina hewa ya lita sita hivi. Jiwe kubwa likilibonyeza sehemu moja, tuseme linaiba robo lita, asilimia nne. Hesabu ya hewa kubanwa haifanywi kwa namba ya geji, unaongeza msukumo wa anga, psi 14.7, kwa hiyo psi 22 ni kama 37. Asilimia nne ya hapo ni psi moja na nusu. Sasa tia sponji iliyokula nusu ya nafasi, jambo ambalo ni ukarimu mkubwa kwa muuzaji: inakuwa asilimia nane, psi tatu. Yaani faida yote ni psi moja na nusu, kwa jiwe la kukuvunja meno. Mimi siamini kwamba hiki ndicho tunachokisikia mikononi. Nadhani ni ubavu ulioshikiliwa, na pigo la mwisho linalotua kwenye povu badala ya chuma. Kila kimoja kina sehemu gani, siwezi kukutenganishia, na anayekutajia asilimia muulize alipimaje.

Kuna na utulivu. Tairi ni springi isiyo na mafuta: linabonyea, linarudi, linakurusha. Povu linapominywa hula sehemu ya ule mrudisho na kuugeuza joto. Kushuka kutoka Amani kuelekea Sigi, pale mawe yanapofuatana bila kukupa nafasi ya kupumua, gurudumu la nyuma linaacha kurukaruka na breki zinapata ardhi ya kushika. Wengine hawaipendi hali hiyo, wanasema baiskeli imekufa. Wana haki, maana ukiwa unapanda au unazunguka njia za mashamba ya mkonge, huo uzito na nguvu inayoliwa na povu likijikunja unavilipia kwa mapaja.

Mbigili? Inaingia kama kawaida. Sponji haizuii pancha ya mwiba, dawa ya kuziba inayomiminwa ndani ya tairi ndiyo inayozuia. Na valvu iwe ile yenye matundu ya pembeni, la sivyo povu litaiziba na utaniambia pampu mbovu.

Halafu nyie mnaokata godoro! Povu la godoro lina vitundu vilivyo wazi, litakunywa dawa yote na kubaki limelowa ndani ya tairi. Linalotakiwa ni la vitundu vilivyofungwa, la jamii ya ndala.

Kama safari zako ni Chumbageni na Raskazone kwenye lami, usinunue. Punguza upepo kidogo, nunua tairi pana zaidi, hela nyingine kale samaki. Kama unapanda Amani au Magamba ya Lushoto, weka moja, na iwe nyuma, kwa sababu huko ndiko uzito uliko na huko ndiko rimu zinakobonyea. Ya mbele bado tunabishana pale kijiweni. Kuna wanaoapa kwamba kona zimetulia, na mimi nikiwashushia psi mbili bila sponji yoyote wanasema hivyo hivyo.