"Najijua mwenyewe bana": dhana potofu kuhusu kujitambua kazini

Mtaani ukimwambia mtu "hujitambui" umemtukana, na ukimwambia "jitambue" umemtukana mara mbili. Labda ndo maana hakuna anayekubali kwamba hajijui. Mi nadizaini kadi za harusi na mabango, mwaka wa nane sasa, na kwa miaka kama sita hivi niliamini kabisa kwamba kazi ikichelewa kosa ni la umeme, la kamati, la intaneti, la bibi harusi aliyebadilisha rangi usiku wa manane. Kuna siku ilikuwa kweli umeme. Siku zingine zote ilikuwa mimi.

Dhana: kujitambua ni kukaa kimya ujitafakari

Hii ndo kubwa kuliko zote. Zima simu, kaa peke yako, jiulize kwa nini uko hivyo, jibu litakuja. Jibu linakuja kweli, shida linaweza kuwa la kutunga na wewe mwenyewe usijue umetunga. Mwaka 1977 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, walieleza jaribio walilofanya kwenye duka moja huko Michigan: walipanga mezani pea 4 za soksi ndefu za kike za nailoni, zote sawasawa, hazina tofauti hata ya uzi, wakawaomba wateja waseme ipi ni bora. Ya mwisho kulia ikachaguliwa na asilimia 40 ya watu, ya mwisho kushoto asilimia 12. Soksi zilezile jamani! Wakaulizwa kwa nini, wakaanza kueleza sababu, hakuna hata mmoja aliyetaja mahali zilipokaa, na walipoulizwa wazi kama mpangilio wa mezani umewachanganya karibu wote wakakataa, wakawa wanamwangalia muulizaji kama vile kachanganyikiwa yeye.

Sasa kama mtu anaweza kujitungia sababu kuhusu soksi aliyoishika dakika mbili, sembuse swali la "kwa nini naahirisha kazi". Mi jibu langu lilikuwa tayari siku zote: mvivu wa kuanza. Nikalibeba hilo jina miaka, mpaka nilipoanza kuandika kwenye daftari kila kazi niliyoikwepa, siku gani, kazi ya nani, ilikuwa imefikia wapi. Wiki tano baadaye nikaona kitu cha kuchekesha, kazi ninazozikwepa karibu zote ni zile ambazo mteja hajaniletea majina ya wanakamati yakiwa kamili. Najua nitaandika nusu afu nirudi kubomoa, ndo maana mwili unagoma. Sio uvivu huo. Siku hizi sigusi kadi kabla orodha haijakamilika, na kazi zinatoka. Kwa hiyo acha "kwa nini", uliza "nini" na "lini", hayo angalau yanahesabika.

Dhana: hakuna anayenijua kuliko mimi

Nusu kweli. Mwaka 2010 mtafiti Simine Vazire alionyesha kwamba mambo ya ndani, kama wasiwasi, mwenyewe unayajua vizuri kuliko rafiki zako, ila kwenye mambo ambayo kila mtu anapenda asifiwe nayo, kama akili na ubunifu, rafiki zako wanakuona vizuri kuliko unavyojiona. Wazee walishasema nyani haoni kundule, wala hawakuhitaji maabara.

Na hakuna mahali tunapojidanganya kama kwenye muda. Mnamjua fundi cherehani, "njoo Jumamosi", Jumamosi ukienda kitambaa bado kipo kwenye mfuko uleule uliokiletea. Tunasema fundi muongo. Mi siku hizi namtetea kidogo, nadhani siku anayokuahidi anaamini kabisa. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti ambao wanafunzi waliokuwa wanaandika tasnifu zao waliulizwa watamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema siku kama 34. Wakaulizwa tena, je kila kitu kikiharibika? Wakasema kama 49. Wakamaliza kwa siku 55 na ushee, yaani hata yale makisio ya balaa tupu hayakutosha, na waliomaliza ndani ya muda waliojipangia wenyewe hawakufika hata theluthi. Halafu utafiti uleule ukaonyesha kwamba tukikisia muda wa kazi ya mtu mwingine hatuna matumaini hayo hewa. Ukimuangalia fundi unaona foleni ya vitambaa. Ukijiangalia wewe unaona nia yako nzuri.

Dawa yake inachosha lakini inafanya kazi: kabla ya kuahidi, angalia kazi ya namna hiyohiyo iliyopita ilichukua muda gani. Sio itachukua, ilichukua. Lazima uwe umeandika, maana kumbukumbu nayo inakupendelea.

Dhana: basi niwaulize watu tu, wataniambia

Hawatakwambia! Hasa kama we ni mkubwa kwao, mtu aliyekuamkia shikamoo asubuhi hawezi saa nne kukwambia unaongea sana kwenye vikao. Ukimuuliza "unanionaje kazini" utaambiwa "uko vizuri bosi", na ukiuliza "nina mapungufu gani" ndo utaambiwa huna kabisa, au unajituma kupita kiasi, haha. Uliza kitu kidogo cha kushikika. Nilimuuliza dogo ninayefanya naye kazi, "ile bango ya juzi, ni kitu gani kimoja kingeifanya itoke mapema?" Akafikiria, akasema "kaka ulibadilisha herufi mara sita, mteja alikubali ya kwanza". Mara sita! Mi ningekuapia zilikuwa mbili. Na akikwambia usijitetee, ukijitetea mara moja umefunga duka.

Zingine za haraka haraka

Vile vipimo vya "wewe ni mtu wa aina gani" watu wanavyotumiana kwenye magrupu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha tabia, afu akampa kila mmoja majibu "yake". Wakayapa maksi zaidi ya 4 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale.

"Mi nimezoea kulala kidogo." Hujazoea, umeacha tu kuhisi. Jaribio la Hans Van Dongen na wenzake la 2003 lilionyesha kwamba waliolala kwa muda wa saa 6 au chini kila usiku kwa siku 14 umakini wao ulishuka mpaka kufanana na wa mtu aliyekesha, wengine hadi kama wa mtu aliyekesha siku 2, huku wenyewe wakijiona wana usingizi kidogo tu.

"Aliyefanikiwa anaamka saa kumi alfajiri." Saa ya mwili inatofautiana, sehemu ni kurithi na sehemu ni umri. Mi kichwa kinafunguka kuanzia saa tatu usiku, nilijilazimisha alfajiri miezi miwili, nikakosea spelingi ya jina la bwana harusi. Kadi 200, zimeshachapwa. Tusiendelee na hilo.

Daftari bado ninalo, siku hizi kila kazi mistari miwili tu, nilivyokisia na ilivyokuwa. Juzi kaja mama mmoja anataka kadi ya sendofu, moyoni nikasema saa tatu zinatosha, nikafungua daftari, nikamwambia "mama njoo keshokutwa". Nimemaliza kesho yake jioni. Sikumpigia mpaka keshokutwa asubuhi, asije akazoea.